Kaseti 19 za Ayeeyo na Suala la Kusawazisha Sauti

Wiki tatu zimepita bila mimi kuandika chochote, na wa kulaumiwa ni sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda cha ayeeyo wangu hapa Garissa tangu kabla sijazaliwa. Ayeeyo ni bibi, kwa wale wasiojua Kisomali. Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na kaseti 19, na wala si kaseti za nyimbo. Ni barua.

Awoowe, yaani babu mzaa mama, alikwenda Jeddah mwaka 1978 kuendesha lori, akarudi mwaka 1989. Yeye hakujua kuandika vizuri, ayeeyo hakujua kabisa, na hata hati ya kuandikia Kisomali ilikuwa bado changa, maana Somalia iliipitisha rasmi mwaka 1972 tu. Kwa hiyo walitumia kaseti. Unabonyeza vitufe viwili vya redio kaseti kwa pamoja, unaongea upande mzima, kisha unamtafuta hujaji au mfanyabiashara anayesafiri, unampa aibebe. Baada ya miezi miwili mitatu jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa Wasomali hilo lilikuwa jambo la kawaida sana. Hata mashairi yalisafiri hivyo: mshairi Gaarriye alipoanzisha mfululizo wa mashairi ya kujibizana uitwao Deelley mwaka 1979, ulienea kwa kaseti zilizonakiliwa na kupita mkono kwa mkono.

Awoowe aliporudi alibeba kwenye sanduku lake kaseti zote alizotumiwa na mkewe, akazichanganya na zile alizotuma yeye. Za kwake 11, za ayeeyo 8. Alifariki mwaka 2003 nikiwa na miaka 6. Namkumbuka kofia na fimbo. Sauti yake siikumbuki.

Aliyeanzisha kazi hii ni abti yangu aliye Minneapolis. Alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: "Wewe si ndiye wa kompyuta? Hizo kaseti zitaoza na joto la huko." Ukisoma sayansi ya kompyuta katika familia yetu unahesabiwa kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kuhesabu mizigo ya watu wengine, lakini nendeni mkamweleze abti.

Haya. Nikanunua deki ya kaseti iliyotumika kule Luthuli Avenue, Nairobi, nikasafisha vichwa vyake kwa spiriti na pamba, nikaileta Garissa kwenye basi nikiwa nimeipakata kama mtoto. Kaseti mbili zilikuwa zimepoteza kile kitambaa kidogo cha kuubana utepe kwenye kichwa, nikazihamishia kwenye maganda mengine. Zote nilizizungusha kwanza kwa kalamu, mbele na nyuma, kuhakikisha utepe haujagandana. Halafu waya kutoka kwenye deki hadi kwenye kompyuta, na programu ya Audacity, ambayo ni huria na imekuwepo tangu mwaka 2000.

Nilirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, sauti ya njia moja tu kwa sababu redio kaseti zile zilirekodi hivyo. Hiyo ni MB 8.64 kwa kila dakika. Mtu atauliza biti 24 za nini, na kaseti yenyewe ina uwanja wa desibeli 50 na kitu kati ya mvumo wake na sauti yake kubwa, wakati biti 16 tu zinakupa 96. Jibu ni uvivu. Ukiwa na biti 24 unaweza kuweka kiwango cha kuingizia chini kabisa, usiguse kitu tena, na usihofu kwamba mtu atapiga kelele ghafla na wimbi likatwe kichwa. Niliweka mara moja, nikaicha hivyo kwa kaseti zote 19. Likumbuke hilo, maana baadaye ndilo lililoniokoa.

Nilipomaliza nilimpa hooyo asikilize kwenye simu. Hata hajafika kaseti ya nne akarudi kwangu analalamika. "Hii inanong'ona, hii inanipigia kelele. Nitashika hiki kitufe mpaka lini?" Alikuwa na haki. Awoowe katika moja ya kaseti zake anaongea karibu na injini ya lori inayonguruma, na katika nyingine yuko chumbani amelala chali. Ayeeyo mara yuko uani na kuku, mara redio iko mbali naye. Kwa hiyo nikaamua kusawazisha sauti, kazi ambayo mtu wa kompyuta huidhania ni ya dakika tano.

Njia ya kwanza ambayo kila mtu huanza nayo ni ya kilele. Programu inatafuta mahali palipo na wimbi refu kuliko yote katika faili, inalinua mpaka karibu na dari, na kila kingine kinapanda kwa kiasi hicho hicho. Ni njia safi, haibadilishi chochote ila ukubwa. Nikaijaribu kwa faili zote na karibu hakuna kilichobadilika. Nikafungua wimbi nione. Kumbe kila kaseti inaanza na mshindo, tak!, wa kitufe cha kurekodi kikibonyezwa. Mshindo huo ndio kilele, tayari uko karibu na dari, kwa hiyo programu inaona hakuna nafasi ya kupandisha. Dakika 45 za mtu anayeongea kwa utaratibu zilikuwa zinatawaliwa na kidole kimoja cha mwaka 1981. Ukikata mishindo hiyo unakutana na mlango uliofungwa kwa nguvu, au chafya. Kilele kinakuambia kama sauti itakatwa kichwa. Juu ya sikio litakavyosikia, hakikuambii lolote.

Sikio husikia kitu kama wastani, na hata wastani wa kawaida haufai sana, kwa sababu sikio letu ni jepesi kwa sauti za kati, zile za kilio cha mtoto, na ni zito kwa ngurumo ya chini. Hapo ndipo kilipokuja kipimo cha LUFS. Kisa chake ni matangazo ya biashara. Mnakumbuka televisheni inavyokurusha kwenye kiti ikifika saa ya matangazo? Watangazaji walikuwa wanatii sheria ya kilele, lakini wanakandamiza sauti mpaka kila kitu kinakaa karibu na kilele hicho. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilitoa pendekezo BS.1770 la kupima sauti jinsi inavyosikika: inachujwa ifanane na sikio, kisha inapimwa, na matoleo ya baadaye yakaongeza kwamba ipimwe katika vipande vya milisekunde 400 na sehemu za ukimya zisihesabiwe. Umoja wa watangazaji wa Ulaya ukaweka lengo la -23 mwaka 2010, na mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria ya kunyamazisha matangazo ya televisheni. Wanaotengeneza vipindi vya kusikiliza kwenye simu hulenga karibu na -16.

Nikapima. Kaseti kubwa kuliko zote, ile ya lori, ilikuwa -18. Ndogo kuliko zote ilikuwa kaseti namba 7, ya ayeeyo: -38. Desibeli 20 kati yao, na desibeli 20 ni mara 10 ya kimo cha wimbi. Hooyo hakuwa anadeka.

Basi nikaandika skripti ya mistari sita, ndani yake kukiwa na mstari huu:

ffmpeg -i kaseti07.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11 -ar 48000 tayari07.wav

(Hilo la -ar 48000 mwishoni msilisahau. Kichujio hiki hufanya kazi kwa sampuli 192,000 kwa sekunde, na usipomwambia arudi chini anakuachia faili kubwa mara nne. Nilijifunza kwa diski kujaa.)

Nikaenda kuswali, niliporudi faili zote 19 zilikuwa tayari, zote -16, zimelingana kama matofali. Nikajiona fundi.

Jioni ile baada ya magharibi tulikaa uani. Alikuwepo ayeeyo, hooyo, habaryar, majirani wawili wanawake, na watoto wasiohesabika. Nikaweka spika ya bluetooth juu ya kigoda. Tulianza na awoowe, na sitaeleza sana hapo. Watu walicheka, watu walilia, na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba namna ninavyosema "haye" kwenye simu nimeirithi kwa mtu. Kila kaseti ilipoisha nyingine ikaingia kwa ukubwa ule ule, hakuna aliyegusa kitufe. Tukafika namba 7.

Ikatoka sauti ya ayeeyo akiwa kijana, kubwa, kavu, imejaa pumzi, na nyuma yake mvumo kama mvua. Uani kote. Nadhani hadi barabarani. Sekunde kama 40 hivi. Halafu ayeeyo mwenyewe, ambaye masikio yake ni mazito na mara nyingi hajui kinachosemwa, akanyanyua mkono.

"Ayeeyo," akaniita. Kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile mdogo analomwita yeye. "Ayeeyo, zima. Nani amenipandisha sauti? Mimi usiku ule sikusema hivi."

Nikazima. Jirani mmoja akaaga, akasema chai amekunywa ya kutosha.

Usiku huo nilikaa na faili mbili, ya asili na ile niliyoitengeneza, nikaziangalia moja juu ya nyingine. Nataka niwaeleze nilichokifanya, kwa sababu nimeona watu wengi wakikifanya kwa mihadhara, kwa khutba, kwa mahojiano ya wazee, na wanakifanya kwa nia njema kama mimi.

Kwanza, ili kutoka -38 hadi -16 unahitaji desibeli 22, yaani kuzidisha wimbi karibu mara 13. Mvumo wa kaseti nao unazidishwa mara 13, maana kompyuta haijui utepe ni upi na bibi ni yupi. Ile mvua iliyosikika uani ilikuwa ni utepe wenyewe. Kusawazisha hakuongezi usafi hata kidogo. Umbali kati ya sauti na mvumo unabaki ule ule, unachofanya ni kuvisogeza vyote viwili karibu na msikilizaji. Kuna na jambo la joto. Kaseti ikikaa kwenye bati katika mji kama huu kwa miaka 40, sumaku ya mzunguko mmoja wa utepe huchapa kivuli chake kwenye mzunguko wa jirani, na utasikia neno kwa mbali sana kabla mtu hajalisema. Katika faili za asili hukisikii kivuli hicho bila kutegesha sikio. Katika faili zangu zilizopandishwa awoowe alikuwa kama ana mtu nyuma yake anayemtangulia.

Pili, na hili ndilo lililoniudhi zaidi: katika kaseti 7 kuna mahali pamoja, dakika ya 14 na sekunde 20, ambapo mtoto anakohoa. Kikohozi kile ndicho kilele cha kaseti nzima, kiko desibeli 9 tu chini ya dari. Ukikipandisha kwa desibeli 22 kinatoboa paa. Kichujio kikiona kwamba hakiwezi kupandisha kila kitu kwa kiasi kimoja bila kutoboa, kinabadilisha mtindo kimya kimya: kinaanza kupandisha na kushusha kadiri muda unavyokwenda, kila sekunde na kiasi chake. Na mimi nilivyokiendesha, kwa mpito mmoja, kisingefanya vingine hata bila kikohozi. Kwa hiyo kile kilichosikika uani hakikuwa hata usomaji mkubwa wa kaseti 7. Kilikuwa kaseti nyingine. Mahali aliponong'ona zaidi pamepandishwa zaidi, na mtoto amekandamizwa mpaka kikohozi kimekuwa sawa na neno.

Tatu, redio kaseti ya ayeeyo ilikuwa tayari imefanya kazi hiyo hiyo mwaka ule. Redio kaseti za bei nafuu hazikuwa na kitufe cha kiwango cha kurekodi, zilikuwa na mzunguko wa kujirekebisha wenyewe: ukiongea kwa nguvu unashusha, ukinyamaza unapandisha. Ndiyo maana kila ayeeyo anapomeza pumzi, panzi wa usiku wanapanda polepole, na akianza kuongea wanashuka. Mashine ile ilijitahidi kumpandisha hadi ikafika mwisho wa uwezo wake, na bado akatoka -38. Hebu fikiri alikuwa ananong'ona kiasi gani.

Asubuhi nikamuuliza hooyo ni usiku gani huo. Ilikuwa Novemba 1980. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa, lakini wasomaji wa mbali labda. Mwezi huo, baada ya maofisa wa serikali kuuawa kwa risasi mjini, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto, na watu walikusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi na kuzuiliwa huko. Mkoa mzima ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, zilizoanza mwaka 1963 na kuondolewa mwaka 1991. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliketi hapa Garissa mwaka 2011 kusikiliza walioshuhudia, na mambo hayo yamo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kwa hiyo si siri. Lakini ayeeyo hakwenda kwenye kikao kile, na nyumbani sijawahi kumsikia akilitaja neno Karatasi.

Kaseti 7 aliirekodi siku chache baada ya moto, katika chumba cha ndugu aliyewahifadhi, watoto wamelala pembeni yake, mdomo karibu kabisa na kipaza sauti kilichojengwa ndani ya redio. Anamwambia mumewe: tuko hai, nyumba haipo, usije. Mengine sitayaandika.

Mimi nilichukua unong'ono huo nikaupa ukubwa wa lori la Jeddah.

Sasa tuje kwenye dawa, maana ipo, na ni ya zamani. Mwaka 2001 mtu aitwaye David Robinson alipendekeza mfumo wa ReplayGain kwa ajili ya muziki wa kompyuta. Wazo lake ni mambo mawili. La kwanza, usiguse faili. Pima, halafu andika namba kwenye lebo ya faili: huyu apandishwe desibeli kadhaa wakati wa kupigwa. Anayesikiliza akitaka namba hiyo ifuatwe, inafuatwa. Asipotaka, faili iko kama ilivyozaliwa. La pili ndilo lililonigusa: kuna namba mbili, moja ya wimbo mmoja mmoja na moja ya albamu nzima. Namba ya albamu inapandisha nyimbo zote kwa kiasi kimoja, ili ule wimbo ambao mwimbaji alikusudia uwe wa chini ubaki chini ukilinganishwa na wenzake. Watu wa muziki walishaligundua tatizo la ayeeyo miaka zaidi ya 20 iliyopita, mimi nikalipita kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuandika skripti.

Kaseti za mtu mmoja ni albamu. Nikarudi kwenye faili za asili, nikazigeuza FLAC, ambayo inabana bila kupoteza hata biti moja, nikazigawa folda mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu awoowe alikuwa na mashine yake na ayeeyo yake, na kulinganisha ukubwa kuna maana tu ndani ya mashine moja na, kama nilivyosema pale juu, kiwango kimoja cha kuingizia. Laiti ningekuwa nimekigusa kitufe kati ya kaseti na kaseti, nisingejua tena unong'ono ni wake au ni wa kidole changu. Halafu:

metaflac --add-replay-gain ayeeyo/*.flac

Ikatoka namba moja kwa kaseti zake zote 8, desibeli 5 na kitu. Kaseti ya kuku ikawa nzuri. Kaseti 7 ikabaki chini, desibeli nyingi chini ya wenzake, mahali pake. Kwenye kompyuta VLC ina chaguo la kufuata namba ya wimbo au ya albamu, kwa hiyo hooyo naye nikamwekea ya wimbo mmoja mmoja kwa zile za awoowe, asihangaike na lori. Haikunigharimu kitu, ni lebo tu, kesho naweza kuifuta.

Msije mkanielewa vibaya mkaacha kusawazisha. Kama unakusanya darsa 30 za ustadh mmoja zilizorekodiwa na simu tofauti, sawazisha kila moja, tofauti zao hazina maana yoyote isipokuwa nani alikaa safu ya mbele. Kama unatengeneza kipindi cha watu wawili wanaoongea, mmoja Wajir kwenye simu na mwingine studio, sawazisha tena kwa mkono mzito, msikilizaji yuko kwenye matatu na dirisha liko wazi. Ujumbe wa sauti wa abti kutoka Minneapolis hata usifikirie mara mbili, yeye huongea akiendesha gari. Ninachofanya siku hizi kabla ya kuendesha skripti ni kuifungua ile faili ndogo kuliko zote na ile kubwa kuliko zote, kuzisikiliza zote mbili mwanzo hadi mwisho, na kujua kwa nini moja ni ndogo. Kama sababu ni waya au umbali, haya, pandisha. Na faili ya asili haifutwi kwa sababu yoyote ile, diski ni bei rahisi kuliko kaseti.

Likabaki tatizo moja ambalo ReplayGain halina jibu lake. Ayeeyo ana karibu miaka 78 na masikio mazito. Kaseti 7 ikiwa mahali pake, yeye haisikii kabisa.

Nilimwendea siku ya tatu, nikamwambia nimerudisha sauti yake ilivyokuwa, na kwamba nikitaka naweza kuifuta faili, au kutompelekea abti. Akafikiri. Akasema abti apelekewe zote lakini hii asipelekewe mpaka yeye mwenyewe aongee naye. Halafu akauliza kama anaweza kuisikia bila uani kusikia.

Nikatengeneza nakala moja kwa ajili yake tu, desibeli 12 juu ya asili, kiasi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho bila kupanda na kushuka, na kile kikohozi peke yake nikakishusha kwa mkono ili kisimwumize. Ule mvumo wa juu ambao masikio yake hayaufikii hata hivyo nikauacha. Nikamvalisha vipokea sauti vikubwa vya masikioni, vile ninavyotumia kazini, juu ya shungi. Nikapandisha simu hadi mwisho, nikambonyezea, nikasogea.

Alisikiliza amefumba macho, tasbihi mkononi haisogei. Mimi nilikuwa nasikia panzi tu kwa mbali, kama nzi ndani ya chupa. Hooyo alikuwa upande wa pili anamimina chai ya maziwa ya ngamia, miaka yake 53, mgongo ametupa. Baada ya muda ayeeyo akanyanyua kidole kimoja, bado macho amefumba, akamwelekezea yeye.

"Sasa huyu anaamka," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu aliyevaa vipokea sauti.

Nikaangalia simu. Ilikuwa dakika ya 14, sekunde ya 16.